Askari wa Samora Hana Jina

Mwezi uliopita, asubuhi, nilimuuliza muuza kahawa mmoja pale kwenye kipilefti cha Samora: sanamu hili ni la nani? Hakufikiri hata kidogo. "Ni askari wa Mjerumani huyu, mzee wangu," akanijibu huku akisuuza vikombe kwenye kindoo chake. Bwana mmoja aliyekuwa anakunywa akadakia: "Wa Mwingereza bwana, Mjerumani si alishindwa?" Wakabishana kidogo, kahawa ikaisha, kila mtu akashika njia yake. Hakuna aliyesema tusogee tusome maandishi. Na hata tungesogea, swali langu lingebaki palepale, kwa sababu maandishi yale yanasema mambo mengi ila jina la mtu.

Sanamu la Askari lilizinduliwa mwaka 1927. Lipo pale Barabara ya Samora inapokutana na Azikiwe na Maktaba, na kila aliyewahi kushuka Posta amelipita, hata kama hajawahi kulitazama. Mchongaji wake ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Ni askari Mwafrika wa shaba, mwenye sare za Vita Kuu ya Kwanza, amepiga hatua mbele na bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Kwenye mbavu za jiwe alilosimamia kuna picha za kuchongwa za wenzake. Nduguze wako Mombasa na Nairobi, kazi ya mkono huohuo. Wa Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, ni watatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Maneno ya ukumbusho huo aliyatunga Rudyard Kipling, mshairi mkubwa wa Dola ya Uingereza, nayo yamewekwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Kwa ufupi yanasema hivi: huu ni ukumbusho wa askari wenyeji wa Afrika waliopigana, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa wengine wote waliotumikia na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao katika Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918. Kisha inakuja ahadi: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Watalikumbuka jina lako. Zunguka jiwe lile mara tatu ukitaka, jina hulioni.

Tukizungumzia sanamu hili huwa tunagombana kuhusu jambo jingine kabisa. Wapo wanaosema liondolewe, ni la mkoloni. Wapo wanaosema libaki, ni urithi na watalii wanalipenda. Mimi naona pande zote mbili zinalikwepa deni. Hili ni jiwe lililotoa ahadi kwa maandishi, kwa lugha tatu, na ahadi haijatimizwa kwa karibu miaka mia moja. Anayetuandikia hati ya deni hatuitupi hati yake baharini. Tunakaa nayo mpaka alipe.

Tuanze na huyo aliyeandika. Kipling alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, John. Kijana alikwenda vitani Ufaransa akapotea kwenye mapigano ya Loos, Septemba 1915, akiwa na miaka 18. Baba alimtafuta kwa miaka, akahoji askari waliokuwa naye, na alikufa bila kujua mwanawe amelala wapi. Lakini jina la John Kipling lilichongwa ukutani kule Loos, pamoja na maelfu ya wenzake ambao makaburi yao hayakujulikana. Msiba huo ndio uliomfanya Kipling aitumikie kwa moyo Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola, iliyoundwa mwaka 1917. Ndiye aliyeichagulia kutoka maandiko matakatifu maneno ya kuchongwa kwenye mawe ya ukumbusho dunia nzima, kwamba majina yao yataishi milele. Kwa hiyo huyu hakuwa mtu asiyejua uzito wa jina. Alikuwa baba aliyebakiwa na jina tu.

Tume yenyewe ilianza na kanuni nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, ama kwenye jiwe la kaburi ama kwenye ukuta wa ukumbusho, bila kujali cheo, dini wala rangi. Ukitaka kuiona kanuni hiyo ikifanya kazi, panda daladala la barabara ya Bagamoyo ushuke kwenye makaburi ya vita ya Dar es Salaam. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa kwa mstari. Makaburi hayo yalihamishiwa hapo mwaka 1968 kutoka kule ufukweni ili kupisha barabara, na wafu walipohama, majina yao yalihama nao. Hapohapo kuna ukumbusho wa Waingereza na Wahindi ambao haikujulikana walizikwa wapi. Hao nao wana majina. Maana yake kukosa kaburi hakukuwa sababu ya kukosa jina.

Kwa Mwafrika kanuni ilikunjwa. Gavana wa kwanza wa Kiingereza Tanganyika, Sir Horace Byatt, alitoa maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Mwaka 1923, ofisa mmoja wa Tume alisema kwenye kikao London kwamba pengine baada ya miaka mia mbili au mia tatu, wenyeji wakishastaarabika, watafurahi kukuta makaburi yao yaliwekewa mawe. Yaani hata aliyekuwa akitutetea alitutetea kwa matusi. Mwisho wake ikaamuliwa kwamba Afrika Mashariki ijengewe masanamu ya jumla mijini, basi. Askari wetu wa Samora ni matokeo ya uamuzi huo. Uzuri wake usitupofushe: aliwekwa pale *badala* ya majina.

Haya si maneno ya wanaharakati. Aprili 2021 Tume hiyohiyo, ambayo leo ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ya uchunguzi wake yenyewe. Ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Huku kwetu habari ilipita kwenye kurasa za ndani siku mbili, ikazikwa na mengine.

Mtu atauliza: je, si kweli kwamba majina hayakuwepo? Mwafrika wa 1916 ataandikwa na nani? Swali hilo huwa linanichekesha kwa uchungu. Serikali za wakati ule ziliwahesabu watu vibanda vyao kijiji kwa kijiji, na kodi haikusahau hata kibanda cha mjane. Kenya, waliosajili wapagazi waliandika majina, wakatoa namba, wakachukua alama za vidole. Ujuzi uliopatikana kwenye sajili hizo za vita haukupotea pia: baada ya vita ukatumika kwenye kipande, kile kikopo alichovishwa Mwafrika shingoni ili mwajiri ajue ametoka wapi na ana ruhusa ya kwenda wapi. Jina lilikuwa na faida likiwa la mtu anayefanya kazi. Alipokufa halikuwa na faida tena.

Sasa niseme kidogo kuhusu hao miguu na mikono ya jeshi, maana hapa ndipo sanamu linapotudanganya hata kwa umbo lake. Linamwonyesha mpiganaji. Vita ya 1914 hadi 1918 huku kwetu haikuwa hasa vita ya singe, ilikuwa vita ya mzigo. Ng'ombe, nyumbu na farasi walikufa kwa mbung'o. Reli zilikuwa mbili tatu, na Jenerali Lettow-Vorbeck wa Ujerumani kwa makusudi alikimbilia kusiko na reli: Rufiji, Kilwa, Makonde, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akaja kusalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wakati Ulaya vita ilishakwisha wiki mbili nyuma. Kila risasi na kila gunia la unga lililomfuata lilipanda kichwani mwa mtu.

Piga hesabu hii. Mzigo wa mpagazi ni kama kilo 25. Akitembea nao anahitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Kikosi kikiwa umbali wa siku kumi, kwenda na kurudi ni siku ishirini, kilo ishirini. Akila anavyostahili, anamfikishia askari kilo tano. Kwa hiyo ama unaongeza wapagazi wa kuwabebea wapagazi, ama unampunguzia mtu posho. Yote mawili yalifanyika. Wapagazi wa upande wa Mwingereza peke yake wanakadiriwa kufika milioni moja kwa kipindi chote cha vita. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walikaribia 95,000, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo. Risasi haikuwaua wengi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Watu waliozoea ndizi au ulezi walipewa unga wa mahindi, hawana muda wala kuni za kuupika ukaiva, mvua inanyesha, mzigo unasubiri. Tumbo likavunjika. Aliyeanguka alivutwa pembeni mwa njia ili msafara usisimame.

Hao ndio wengi, nao mjini hawana sanamu lao peke yao. Wana soko. Kariakoo ni ulimi wa Kiswahili uliotafuna jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kwa sababu Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliwaweka hapo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu ileile. Kwa maoni yangu huo ndio ukumbusho wa vita ulio mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki: kila siku maelfu kwa maelfu wanautaja, wapiga debe wanaupigia kelele, na karibu hakuna anayejua kwamba anawataja wafu. Soko la ghorofa alilolibuni msanifu wetu Beda Amuli miaka ya 1970 likaungua Julai 2021, likakarabatiwa. Katika mijadala yote ya fremu na kodi na nani arudi wapi, sikusikia mtu akisema: tukiwa tunajenga upya, tuweke basi japo kibao. Pengine alikuwepo, sauti yake ikamezwa na kelele za fremu.

Nirudi kwa wanaotaka sanamu la Samora ling'olewe. Hoja yao si ya kipuuzi. Askari si neno safi katika historia yetu. Kabla ya vita, Wajerumani walikuwa na sanamu lao katika mji huuhuu: Hermann von Wissmann, aliyekuja kuzima upinzani wa Abushiri pwani, amesimama juu, na chini miguuni pake askari Mwafrika anamtazama. Waingereza waliling'oa. Mwaka 1922 likapelekwa Hamburg, likasimamishwa mbele ya chuo kikuu, na huko wanafunzi waliliangusha wasiruhusu lisimame tena mwaka 1968. Nimewahi kuwasikia wazee wa mjini wakiliita hili la Samora "sanamu la Bismini", na sikio langu linamsikia Wissmann humo ndani. Kama sikio langu halinidanganyi, basi mambo yametimia: askari hana jina, na jina la utani alilopewa ni la bwana mkubwa wa Kijerumani.

Na huyo askari wa Mjerumani ndiye aliyechoma mashamba wakati wa Majimaji. Nenda Songea, kwenye makumbusho, ukaone walikozikwa mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Ukiwa umesimama pale, kumwita askari shujaa kunakwama kooni.

Lakini kuling'oa sanamu hakumwondoi askari kwenye ukoo wetu. Chukua ukoo mmoja tu unaojulikana. Sykes Mbuwane, Mzulu wa kutoka Msumbiji, aliletwa na Wissmann kuja kupigana. Mwanawe, Kleist Sykes, alikuwa kwenye jeshi la Lettow-Vorbeck, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Mjukuu, Abdulwahid, alikwenda Burma na Keya, yaani jeshi la Mwingereza la King's African Rifles, kwenye Vita ya Pili, akarudi, akawa mmoja wa walioasisi TANU mwaka 1954. Babu alikuja kuitwaa nchi, mjukuu akashiriki kuikomboa, na katikati yao kuna bunduki ya serikali mbili tofauti. Ukitaka kuwagawa watu hao kuwa wasaliti na mashujaa utaishia kumpasua mtu mmoja vipande viwili.

Kwa hiyo libaki. Ila nina sharti, na sharti langu litawaudhi wengine: majina yakianza kutafutwa yatafutwe ya pande zote mbili. Jiwe la Samora linamtaja aliyekufa kwa ajili ya "mfalme wake". Mfalme yupi? Mwanamume wa Kiyao, wa Kinyamwezi au wa Kisukuma aliyebebeshwa sanduku la risasi na Mjerumani alikufa kwa kuhara damu ileile, katika nchi yake, pengine kwenye njia ileile wiki moja mbele ya mwenzake. Wajerumani wenyewe walikuja kulipa malimbikizo ya mishahara ya askari wao mwaka 1964, wakati huo wakiwa wamebaki wazee mia chache. Inasimuliwa kwamba wengi hawakuwa na cheti, ikabidi wapewe fagio badala ya bunduki, wapigiwe amri kwa Kijerumani, na wazee wale wakazitekeleza bila kukosea. Watu hupenda kukisimulia kisa hicho kwa kucheka. Mimi huwa nawafikiria wapagazi. Wao hakuna amri waliyofundishwa ambayo wangeweza kuionyesha kwa fagio.

Kama mtu bado anaamini kwamba baada ya karne nzima kazi hii haiwezekani, aangalie Cape Town. Januari 2025 ilizinduliwa bustani ya ukumbusho wa wafanyakazi weusi wa jeshi kutoka Afrika Kusini, ambao hawakuruhusiwa kushika bunduki, wakafa katika vita hii hii ya Afrika. Majina 1,772. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti wa mvule, jina limeandikwa. Wengine wao walikufa huku kwetu, katika ardhi ambayo sisi tunailima. Wamepata majina kwao kabla ya wetu kupata majina kwetu.

Na sisi hatuna kisingizio kwamba kuwakumbuka wapiganaji si mila yetu. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, meya upinde na mishale, na mwakilishi wa mabalozi shada la maua. Tuna Kaboya kule Muleba kwa waliokufa Vita ya Kagera, na Naliendele Mtwara kwa walioanguka wakati wa ukombozi wa Msumbiji. Tunajua kufanya. Ila tumeichukulia vita ya 1914 kuwa ya wazungu iliyopita tu barazani kwetu, na kwa hiyo wafu wake wahusike na wazungu. Nadhani hapo tumekosea. Nchi ile ilikuwa yetu, waliokufa walikuwa wa kwetu, na njaa iliyofuata, ile Mtunya ya Ugogo, iliwala watoto wetu.

Kinachohitajika kuanza si fedha za kujenga mnara mpya. Ni dawati moja. Nyaraka za Taifa, Idara ya Mambo ya Kale na hao wa Tume waliokwisha kuomba radhi wakae pamoja, wafungue orodha zilizobaki, za Nairobi, London, Berlin na hapa. Halafu pawe na mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kwenda na kusema: kwetu alichukuliwa fulani.

Nasema hivyo kwa sababu hata kwetu yupo. Ni kaka wa babu mzaa baba, upande wa Morogoro. Nikiwa mdogo nilimsikia akitajwa kwenye matambiko tu, kama "yule aliyekwenda na mizigo". Mwaka jana nilimkalisha shangazi, mkubwa wa ukoo sasa, nikamwomba anieleze. Alisema alichukuliwa na Mjerumani, akatekwa, akaendelea kubeba kwa Mwingereza, na aliyerudi na habari yake ni mtu wa kijiji cha pili. Nikamuuliza, "Sasa shangazi, tumhesabu wa nani?" Akaniangalia kama mtu aliyeuliza upuuzi. "Wa kwetu," akasema. Kisha akalitaja jina lake, la baba yake, la mlima walikokuwa wakiishi na la jumbe wa wakati ule, taratibu, kama anayemsomea karani.

Nimeyaandika yote kwenye daftari. Ofisi ya kuyapeleka bado sijaiona.